Mnyoo Asiye na Ndugu

Maabara ya Viumbe wa Baharini,
Chumba cha Hadubini, Ghorofa ya Chini.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla ya yote, goti lako linasemaje? Bado linakusumbua ukipanda ngazi, au ile dawa ya kuchua imelituliza? Huku sote wazima. Kaka yako, yaani baba yangu, presha imeshuka lakini ubishi umepanda. Daktari kamkataza chumvi, naye anaificha kabatini nyuma ya sukari, akidhani hatumwoni.

Barua yako niliipata, pamoja na zile nywele ulizozikunja ndani ya karatasi. Nisamehe kwa kukaa kimya. Umeniuliza swali ambalo hujawahi kumuuliza mtu yeyote nyumbani: kama mashine yetu inayosoma vinasaba inaweza kukuambia wewe ni wa nani, maana Babu na Bibi walikuchukua ungali mchanga, na hakuna ajuaye waliokuzaa. Nilipofika hapo nikairudia barua tangu mwanzo. Basi niruhusu nianze na mnyoo, wala usinicheke.

Kazi yangu unaijua kwa kuitania: nimesoma miaka yote ile kuja kuchokora matope. Kweli ni matope, yanayoletwa na meli kutoka sakafu ya bahari, kwenye giza ambako jua halijawahi kufika. Nikiyachuja na kuweka kiasi kidogo chini ya hadubini, Shangazi, naona mji mzima. Minyoo watupu, mmoja hafiki hata ukubwa wa nukta hii ninayoiweka hapa. Wanapitisha mwanga hadi utumbo unauona. Wengi wamefanana mno, jicho linakata tamaa, ndiyo maana tunasoma vinasaba vyao. Ni herufi nne tu, zikipangwa na kupangwa tena, zinamwandika mnyoo. Na ndizo hizo hizo zilizokuandika wewe na mimi. Kila nikilifikiria hilo mwili unanisisimka.

Mwezi uliopita nikamkuta mmoja mwenye pete shingoni, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Katika matope yote yale alikuwa peke yake. Sasa, ili umsome lazima umsage, na ukikosea hakuna mwingine. Mkuu wetu, tunayemwita Miwani, akaniambia nimkate: mkia tuusome, kichwa tukihifadhi. Nikamkata kwa sindano huku nimebana pumzi.

Majibu ya mkia yakaja: binadamu.

Miwani alicheka hadi akashika meza. "Hongera! Umegundua mtu anayeishi chini ya bahari!" Kumbe ni mimi. Nilikuwa nimeshusha barakoa nikimweleza mwenzangu jambo, na unajua nikianza kuongea sina breki. Mnyoo ni mdogo kiasi kwamba chembe ya mate yangu ilimfunika kabisa. Nikacheka naye, kisha nikaenda chooni nikalia, maana mkia ulikuwa umekwenda bure.

Kikabaki kichwa. Miwani alisita sana. Tungekipoteza na hicho, zingebaki picha tu. Mwishowe akasema, "Haya, funga mdomo ufanye kazi." Nikaufunga.

Safari hii herufi zilikuja safi. Tukazilinganisha na za viumbe wote waliokwisha kusomwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Mashine ikatafuta, ikatafuta, haikupata wa kulingana naye. Miwani, ambaye hata chai huinywa amesimama, akavuta kiti akakaa. Akasema kwa sauti ya chini, akiitazama kompyuta, "Karibu, mgeni." Shangazi, sijui nikuelezeje. Alikuwepo siku zote, vizazi na vizazi, nasi hatuna habari.

"Kwa hiyo hana ndugu?" nikauliza.

"Ndugu anao tele," akasema Miwani. "Hawajasomwa tu."

Ndilo jibu nililo nalo kwako. Mashine haijui mtu ni wa nani. Inajua tu anafanana na nani kati ya waliokwisha kusomwa. Yetu ni ya minyoo, lakini ziko maabara za watu, nami nitakusindikiza, wala Baba sitamwambia mpaka uniruhusu. Huenda ukapata jina. Huenda ukaambiwa hakuna. Ila nywele zako umezikata kwa mkasi, na unywele husomwa vizuri ukiwa na mzizi. Itabidi uje mwenyewe.

Na ukija, ujue jambo moja. Mimi nilikaa na yule mnyoo asubuhi moja tu, akasomeka kuwa mimi. Wewe umetubeba mgongoni, umetufuta kamasi, umetupulizia chakula cha moto kila siku tukiwa wadogo. Sijui hao watakaokusoma watatutenganishaje.

Mama anakusalimu sana. Kitindamimba wetu naye anakusalimu, ameanza kujifunza udereva, kwa hiyo tuombee. Baba hajui nimeandika nini humu, ila nilipomwambia nyumbani asubuhi kwamba nakuandikia, akasema, "Mwambie dada yangu arudi, humu ndani sina wa kugombana naye."

Mungu alitunze goti lako, akutulize na moyo.

Nikupendaye siku zote,
Mtoto wa kaka yako.