Jani Moja la Urujuani

Magwagwa

Mwanangu Cynthia,

Huku tu wazima, na chai imechipua vizuri. Nimeona picha ya mama mkwe wako, Apondi, na ua lake la urujuani. Umeandika, "Mikono ya Mama haina mfano." Je, umesahau nani alikukatia jani la kwanza na kukufundisha kulichomeka kwenye udongo mpaka liote mizizi?

Lake limechanua kwenye kopo la siagi lililotobolewa! Langu nililipandikiza kwenye chungu maridadi cha mawe laini yanayochongwa kule Tabaka. Nilijua chungu kisicho na tundu huozesha mizizi, ila nilitaka kumshinda. Limeoza.

Tafadhali nikatie jani la kwake. Usimwambie unamkatia nani.

Mama yako wa kwanza,
Bonareri