Sehemu Bora na Mbovu Tulizotazama Mwaka Huu, Baba

Baba yangu,

Mwaka unaisha na orodha yetu haijafungwa. Kila Desemba tuliifunga kwa simu, wewe Nakaloke na mimi hapa Wanyange, pembeni ya Jinja: ipi ilikuwa sehemu bora ya tamthilia mwaka mzima, na ipi ilikuwa mbovu kupita zote. Safari hii nimeachiwa kazi peke yangu na siipendi hata kidogo. Lakini najua usingetaka iachwe njiani, kwa hiyo nimefunika cherehani, nimekaa na kalamu. Barua hii wataisoma na wengine, basi nivumilie nikisimulia mambo unayoyajua.

Ulikuwa askari magereza. Mimi nilikulia kwenye nyumba za askari hapa Jinja, ambako Mteso, Mwacholi na Mgisu waligombana na kupatana kwa Kiswahili kile kile cha kambini. Ulipostaafu ukajenga Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Mama akafariki, na mwaka haujaisha ukamwoa Mama Hadija, muuza maharage wa sokoni pale, mwanamke mpole ambaye hajawahi kunikosea lolote. Nilikuambia sitakanyaga nyumba hiyo. Ikapita miaka mitatu sijakanyaga, na wewe ukawa unasema ugumu wa kichwa nimerithi kwako.

Kilichobaki kati yetu ni televisheni. Tukiongea habari za nyumbani tunagombana, tukiongea tamthilia tunacheka. Ile ya Jumapili mchana, ya kutafsiriwa, ya mzee mwenye kiwanda cha sukari na watoto wake wasiokwisha visa. Ikimalizika tu simu inaita. Husalimii, unauliza, "Mama, tufungue kesi?" Umenipa jina la mama yako, kwa hiyo tangu utotoni ulikuwa ukiniita Mama, na marehemu mama yangu alikuwa akilalamika kwamba hajui anaitwa nani.

Hukutoa alama kama watu wengine. Ulitoa vifungo. Ile sehemu ya harusi ambayo saa nzima watu walitazamana tu macho, upepo unavuma ndani ya nyumba yenye madirisha yaliyofungwa, uliipa miezi sita na kazi ngumu. Ile ambayo mtoto wa pili alirudi kutoka masomoni akiwa na sura nyingine, mwigizaji mpya kabisa, na hakuna aliyeshtuka hata mama yake, hiyo ilikuudhi kwelikweli. "Huyu nani alimukagua kwa geti?" ulifoka. "Mutu naingia bila kitambulisho, banamupa chai!" Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Nilidhani hiyo ndiyo itakuwa mbovu ya mwaka, na hadi Julai ilikuwa inaongoza bila mpinzani.

Kuhusu bora tulikuwa hatujakubaliana. Mimi nilisimama na ile ambayo mzee alinyang'anywa kiwanda na wakwe zake, akawaficha watu wa nyumbani, akawa kila asubuhi anavaa suti na kutoka kana kwamba anaenda kazini, kumbe anakwenda kukaa bustanini. Nilipokupigia ukasema hiyo isifunguliwe kesi. Nilikumbuka mwezi ule wa kwanza wa kustaafu kwako, ulivyokuwa ukipiga viatu rangi alfajiri halafu unavirudisha chini ya kitanda. Nilitaka kukuambia nilikuwa nakuona. Badala yake nikaropoka jambo kuhusu suti, kwamba imeshonwa vibaya mabegani.

Watu wa tamthilia hukuwaita majina yao. Yule mzee ulimwita O.C., kama mkuu wa gereza. Mkwe wake ulimwita Mahabusu. Na binti mkubwa, yule aliyegombana na baba yake akahamia mji mwingine asitake kurudi, ulimwita Mtoro. Kambini mtoro ni askari aliyeondoka bila ruhusa, na ulinieleza kwamba jina lake haliondolewi haraka, linaendelea kuitwa gwarideni asubuhi, kwa sababu inawezekana yuko njiani. Kila Jumapili ulianza na yeye. "Mutoro alisikika?" Nami nakujibu kwamba bado, au kwamba ameonekana dirishani analia. Wiki baada ya wiki, baba, tulimjadili binti aliyemnunia baba yake, mimi nikimlaumu kwa sauti ya juu, nikisema moyo wake wa jiwe. Sikuwahi kujigusa kifua. Wewe ulikuwa unanisikiliza tu.

Jumapili ile ya Agosti sikutazama. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na mgeni. Nilichoka tu, nikalala baada ya chakula, nikaamshwa na simu yako. Ukasema, "Mama, hapa stima alienda, mimi sikuona kitu. Wewe ambia mimi, ilikuwa namna gani?"

Ningesema nililala. Lakini niliona aibu, maana katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukosa. Nikaanza kutunga. Nilitunga kwa raha, nikiwa bado kitandani. Nikasema Mtoro akili zimemrudia, amefungasha nguo, ameamua kurudi kwa baba yake.

Ukauliza, "Alirudi siku gani?"

"Jumamosi, baba."

"Kwa gari ya mutu ama kwa takisi?"

"Kwa takisi. Alishuka hapo hapo stendi ya karibu na nyumbani, na sanduku lake."

"Na O.C. alifanya nini?"

Hapo sikuwa nimefika. Nikasema sehemu iliishia anaposhuka, tutaona wiki ijayo. Ukacheka, kile kicheko chako cha puani. "Mama, hiyo ndiyo namba moja ya mwaka. Hakuna ingine. Funga faili." Nikafurahi kwamba sijashikwa, nikarudi kulala.

Siku tisa baada ya simu hiyo, Jumanne, presha ilikupanda, na kabla hawajakufikisha hospitalini Mbale ulikuwa umekwenda. Tulikuzika kwenu Teso. Nyumba ya Nakaloke sikuifikia hata siku hiyo, gari lilipita barabara kuu moja kwa moja. Mama Hadija nilimpa mkono kaburini kama ninavyowapa wateja.

Mwezi uliopita alikuja hapa dukani kwangu, ninaposhonea. Sikumtambua mara moja, nilimwona mwanamke wa mtandio amesimama chini ya baraza la ile nyumba ya zamani ya Wahindi ninamopanga, anasita kuingia. Alikuwa amebeba daftari lako. Sikujua kwamba ulikuwa unaandika. Kila Jumapili ya mwaka hadi ulipoondoka imo, kwa penseli, herufi kubwa za kiofisi, na kando yake kifungo chake.

Nikatafuta ile ya Agosti. Nilikuta umeandika mara mbili. Juu: O.C. ALIPIKISHA CHAKULA, ALIKULA PEKE YAKE. MUTORO HAKUKUJA. MUBAYA SANA. Chini yake: SIMU YA MAMA. MUTORO ANAKUJA JUMAMOSI. NAMBA MOJA.

Nilimuuliza Mama Hadija kama stima ilirudi baadaye, mkatazama marudio. Akanitazama kama asiyeelewa. "Stima haikwenda siku ile," akasema. "Tuliangalia yote, mimi na yeye. Iliisha akapangusa macho, akasema anakupigia wewe."

Kwa hiyo ulijua tangu neno langu la kwanza. Ulinidanganya kidogo ili unisikie nitasimuliaje, nami nikakudanganya kwa mapana. Wewe ukasikia kitu ambacho mimi sikujua nakisema. Nimejaribu kujiambia kwamba labda nilikuwa nakisema kweli, kwamba moyo wangu ulikuwa umeshalainika. Sina hakika. Mtu akitaka kumrudia baba yake si anapanda gari tu?

Mama Hadija hakuja kunisuta. Alinisimulia kwa sababu nilimuuliza, na alikuwa anatazama chini. Jumamosi ile ulioga mapema, ukavaa shati jeupe la gwaride. Ukamwambia, "Pika kuku. Mutoto iko kuja." Akakuuliza kama nimepiga simu. Ukasema, "Alisema kwa njia yake." Ukachukua kiti cha plastiki ukaenda kukaa stendi, zinaposhusha watu basi ndogo tunazoziita takisi, mkabala na wauza nyanya.

"Kila takisi ikisimama, na yeye anasimama," alisema. "Nilimpelekea chai. Nikamwambia baba, rudi ndani, jua kali. Akakataa. Akasema utashuka na sanduku, nani atakubebea?"

Ulirudi saa kumi na moja jioni, kiti mkononi. Kuku hukula. Ulimwambia, "Pengine alisema Jumamosi ingine."

Sasa unaona kwa nini orodha inanishinda. Bora imeshaandikwa kwa mkono wako na sina ruhusa ya kuifuta, ingawa ni sehemu ambayo haikuonyeshwa na kituo chochote duniani, watazamaji wake ni wawili, na mmoja ameshaondoka. Mbovu ulikuwa umeacha nafasi wazi, ukingoja tubishane Desemba kama kawaida. Nimeijaza leo. Nimeandika Jumamosi.

Nimelia sana, baba, na ninalia vibaya, kwa hasira. Ningekuwa na sababu ningeishika. Ningekuwa na mgonjwa wa kuuguza, au magauni ya harusi ya kumaliza, ningekuambia hivyo na wewe ungenielewa, ulikuwa mtu wa kazi. Nimefungua kitabu changu cha oda kutafuta siku ile, nikitumaini nitakuta chochote. Ukurasa ni mweupe. Nimeikumbuka sasa. Mvua ilinyesha Jinja tangu asubuhi, hakuingia mteja hata mmoja, na mimi nilikaa mlangoni mchana kutwa, mikono mapajani, natazama takisi za Mbale zikijaza watu ng'ambo ya barabara.

Pumzika, baba. Ni mimi,
mwanao wa kwanza, yule uliyemngoja.