Nimeonja pombe nyumba kumi na moja na daktari wa kwenye simu ananisifu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumanne. Mimi ni mtu mzima wa Rhotia, niliishia darasa la tano lakini la tano la zamani, nyati wa Ngorongoro nimewahi kumtazama usoni mpaka akanipisha, sasa mwezi wa Machi, nikiwa nimelewa, niliingiza pikipiki ya shemeji Yohani ndani ya ofisi ya kijiji, kikao kinaendelea, hakimu akanipa miezi sita ya kufagia soko badala ya jela, kwa sharti kila Jumanne niende zahanati nikaongee kwa simu ya video na daktari wa ulevi aliyeko Arusha, Dokta Beatrice. Siku ya kwanza akaniuliza nakunywa kiasi gani, nikamwambia nimeshaacha, tangu jana, bila hata kutetemeka. Akafurahi, nami mtu akishafurahi siwezi kumkatisha.

Shida ni mavuno ya maharage. Huku kwetu majirani wakija kukusaidia shambani unawapikia pombe, na hawaigusi mpaka mzee wa heshima aonje kwanza. Mwonjaji ni mimi. Nimeonja nyumba kumi na moja, na naonja kibuyu kizima, maana huwezi kujua chini kukoje. Sasa Dokta anataka Jumanne hii, kwa simu hiyo hiyo, niwape wenzangu wenye vifungo vya nje wa wilaya nne siri ya kuacha pombe. Nikikubali nadanganya, nikikataa naogopa kufungwa. Mke wangu Penina anasema, "Baba Emilian, si uwaonjeshe na hao." Nifanyeje?

Raphaeli, Rhotia

Mjomba Raphaeli, nimecheka, kisha nikaacha, maana unaumwa. Nakuonea huruma, lakini vibuyu kumi na moja si kuonja. Dokta Beatrice anamtibu mtu ambaye hayupo. Wewe hata dozi hujaanza. Jumatatu asubuhi nenda zahanati, omba akupigie, umtajie nyumba zote bila kupunguza. Kurudia kunywa ukiwa kwenye matibabu si jambo geni kwake. Akigundua mwenyewe kwamba ulikuwa unamtungia hadithi, hapo ndipo uiogope ripoti atakayompelekea hakimu. Usijifanye shujaa ukaacha ghafla peke yako: mikono ikitetemeka, mwambie. Pombe ya shambani aionje aliyeipika. Na Jumanne ukipewa nafasi, sema hivi tu: "Naitwa Raphaeli, bado nakunywa, nataka kuacha." Kisha nyamaza. Najua hapo kwenye kunyamaza ndipo utakapopata taabu.