Sabuni Anaatamia Mwenyewe

Jumatatu, 4 Novemba
Nimebadilisha maji. Nimefagia upande wa mlango tu. Sabuni, chatu wangu, amejizungusha juu ya mayai, hataki hata kutazamwa. Siku ya tatu.

Daktari Neema wa mifugo alikuja saa nne na kasha lake la umeme la kuangulia. Binti mzuri, kazi anaijua. Anasema chatu wa kufugwa akiondolewa mayai anasahau baada ya wiki, anaanza kula, hakondi. Nikamuuliza nani alimwambia kwamba anasahau. Akacheka. Sikucheka.

Kasha limerudi garini. Sabuni ataatamia mwenyewe.

Jumatano, 13 Novemba
Jua. Sabuni alipita kwenye tundu la ukutani hadi uani, akalala ndani ya uzio wa wavu saa mbili nzima mpaka ngozi ikawa nyeusi. Kisha akarudi kuyapelekea mayai joto. Nimefanya kazi bustani ya nyoka miaka ishirini na miwili, kwanza tiketi, baadaye kulisha. Sikuwahi kuliona hili. Kule mayai yalichukuliwa siku ileile. Bustani ilipofungwa nilipewa yeye na kibali chake. Alikuwa mdogo, ndani ya katoni ya sabuni.

Mchana simu kutoka Akheri, ukweni. Shemeji Anaeli, mdogo wa marehemu mume wangu, anaumwa. Anataka kuja na jani la isale kuomba msamaha. Kwetu aliyeshika isale harudishwi. Analijua hilo. Akiwa na nguvu zake hakuwahi kulikata.

Namchukia. Naandika ili kesho nisijidanganye.

Alhamisi, 14 Novemba
Usiku nimeikumbuka siku ile: sanduku moja, getini, mvua. Zakaria, mwanangu, miaka mitatu, analia begani kwa Anaeli. “Mtoto ni wa ukoo.” Baba yake tulikuwa tumemzika wiki mbili tu kabla.

Mtoto akaambiwa mama yake alikimbilia Mombasa na mwanamume. Sijawahi kufika Mombasa. Nilimfuata shuleni mara mbili. Mara ya pili alinikimbia.

Miaka arobaini na moja imepita.

Jumamosi, 23 Novemba
Anaeli amekuja. Isale hutoka mkono kwa mkono. Haiwekwi mezani wala haitumwi. Sikumrudisha. Niliketi tu kwenye kigoda changu ndani ya chumba cha mayai, nikanyoosha mkono.

“Karibu ndani, shemeji. Lete.”

Akaganda mlangoni. Fimbo ameielekeza kwa Sabuni.

“Mama Zakaria, toka basi tuongee kama watu.”

“Nimekaa. Wewe ndiye uliyekuja.”

“Unaishi na shetani!”

“Shetani namfahamu, shemeji. Huyu ni mzazi.”

Ameondoka na jani lake. Nimekula wali sahani mbili. Ni furaha mbaya. Lakini ni furaha.

Jumapili, 8 Desemba
Mvua siku ya sita. Mlima Meru hauonekani kabisa. Kipimajoto kinasoma nyuzi kumi na tisa. Sabuni hatoki, hana jua la kuchota.

Neema kapiga simu. “Bibi, yatakufa hayo. Niruhusu nije na kasha.”

Nimekataa. Baadaye nikajiuliza: namlindia Sabuni haki yake, au namshika kama fimbo ya kumchapia Anaeli? Sikupenda jibu.

Mayai matatu ya pembeni yamebonyea na kuota ukungu. Hayo ni juu yangu.

Nimeziba matundu ya upepo kwa magunia. Kasha bado sitaki.

Ijumaa, 13 Desemba
Jua. Ametoka mwenyewe, mwembamba kama mkanda. Nimelia.

Jumamosi, 11 Januari
Naandika polepole. 

Anaeli amerudi. Hawezi tena kutembea peke yake. Aliyemshikilia ni mwanamume mrefu mwenye paji la uso la mume wangu.

“Shikamoo, mama,” akasema, kama angemwamkia mwanamke yeyote wa umri wangu.

Nikaitikia. Sijui kwa sauti ya nani.

Nilikuwa kwenye kigoda, mahali palepale. Anaeli akamsukumia jani. “Mpelekee wewe, Zakaria. Mimi siwezi kuingia humo.”

“Mkono wako, shemeji. Yeye hana kosa.”

Zakaria akatutazama kwa zamu. “Kosa gani, baba mdogo?”

Sabuni akainua kichwa, akakirudisha juu ya mayai. Anaeli akamtazama nyoka. Akamtazama kijana aliyemlea.

“Mama yako huyu hakukimbia,” akasema. “Nilimtoa mimi. Nilitaka shamba.”

Maneno hayo nimeyasubiri nusu ya maisha. Nilidhani yangepasua paa. Yalikuwa madogo, ya mzee anayekohoa.

Zakaria akaingia. Akajibana na ukuta, jasho linamchuruzika, akaketi juu ya ndoo kando yangu.  Goti lake liligusa langu.

Anaeli alisimama nje na jani mkononi mpaka akachoka, akakaa chini kwenye kizingiti. Ningeweza kuinuka. Ni hatua nne. Sikuinuka.

Jumatano, 22 Januari
Wakati wa chai, kichwa cha kwanza. Kidogo kuliko kidole gumba, kimechungulia, kimetulia. Hadi alasiri walikuwa wametoka watoto kumi na mmoja.

Neema alikuja bila kasha. Alichuchumaa mlangoni kwa muda mrefu. “Bibi, mama hajaondoka. Wanarudi kwake.” Kweli. Wanazurura, kisha wanaingia katikati ya mikunjo yake kupata joto. Neema alisema hilo alikuwa amelisoma tu, hajawahi kuliona.

Nilimwambia aandike kwamba nyoka huyu hakusahau.

Jumamosi, 8 Februari
Watoto wamevua ngozi ya kwanza. Wameachana na mama yao wenyewe, hakuna aliyewatenganisha. Neema anashughulikia vibali vyao.

Zakaria amepiga simu. Anaeli sasa anabebwa hata kwenda uani. Anauliza jani litapokelewa lini.

Nimesema Jumamosi ijayo nitapanda Akheri. Wamlete getini, pale alipoliweka sanduku langu. Nitalipokea pale, mkono kwa mkono. Hata kama mvua inanyesha.

“Sawa, mama,” akasema Zakaria. Hakulitamka kama siku ile.

Kutoka barabarani hadi getini ni mlima, na siku hizi natembea polepole. Atasubiri.

Jioni Sabuni amekula. Sungura mmoja, wa kwanza tangu Oktoba. Hakuharakisha.