Siku Mafunjo Yalipotufungia Ghubani

Tata,

Sijui barua kwa mtu aliyezikwa inaanzwa vipi. Nikikuuliza hali nitakuwa kama nakutania, kwa hiyo naanza na hali yetu sisi tuliobaki. Mama yupo. Magoti yanamsumbua asubuhi na sikio la kushoto halisikii vizuri, lakini yupo. Mimi mwanao Nyanjura ni mzima wa mwili. Leo ni Jumapili, watu wameenda kuangalia mpira kwenye uwanja wa shule, nami nimekaa mlangoni na kalamu.

Hatukai tena ziwani, Tata. Tumehamishiwa bara, kando ya barabara ya Kiabakari, kwenye kijiji kipya ambacho nyumba zake zimepangwa mistari kama matuta ya viazi. Nikifungua mlango naona mlango wa mwenzangu. Majirani ni watu wa ng'ombe na pamba, watu wema, walituletea maziwa siku ileile tuliyoshushwa. Sina la kuwalaumu. Ila ziwa liko mbali, nyuma ya vilima, na kwenda huko lazima nimwombe ruhusa mwenyekiti wa kijiji. Anauliza unakwenda kufanya nini, unarudi lini, na pamba yako nani atapalilia. Nimeomba, akasema nisubiri. Nimeomba tena, akasema nisubiri. Siyo mtu mbaya, na yeye ana wakubwa wake.

Wewe uliwahi kunionyesha samaki kamongo aliyejifukia kwenye tope wakati wa kiangazi, tope limekauka juu yake, ukasema yuko hai humo ndani, anapumua. Ndivyo nilivyo. Napumua, lakini sigeuki.

Nawakumbuka sana wageni wako. Wakati wa mkoloni walikuja Wazungu wa mgodini Kiabakari na kofia zao na chupa za chai. Baada ya Uhuru wakaanza kuja madaktari wa Musoma, wenye maduka, walimu, watu wa ofisini waliotaka kushika ndoana siku moja kwa wiki. Wote uliwaambia neno lilelile kabla mtumbwi haujaondoka: "Polepole, bwana. Samaki anakusikia." Kisha ulisimama nyuma na upondo, ukausukuma mtumbwi kwenye yale maji ya kiunoni, bila kelele, mpaka pembeni ya matete ambako sato wanapenda kukaa. Mimi nilikaa mbele na kikopo cha chambo.

Niliporudi kwako baada ya ndoa yangu kuvunjika, ndugu walisema nikae jikoni ninyamaze. Asubuhi moja tulipofika mtumbwini ulinipa upondo, ukaenda kukaa mbele mahali pangu, ukanipa mgongo. Hukugeuka hata mara moja kuangalia kama nimekosea. Sijawahi kukushukuru kwa ule mgongo.

Sasa nikuambie yaliyotokea baada yako.

Ulipokufa kwa kile kifua chako, watu walikuja wengi, hata kutoka kisiwa cha Rukuba walikuja kwa mitumbwi. Tulikuzika kilimani, juu ya nyumba yetu, pale ghuba inapoonekana yote. Masika yalikuwa hayajarudi tena tuliposomewa tangazo. Watu wote wa rasi yetu waliokaa mmoja mmoja watahamia vijijini, na sisi wa ghubani tutakwenda bara kulima pamba. Aliyetusomea alikuwa afisa kijana, mgeni wa huku, anaitwa Ndugu Chilewa, Mgogo. Alisoma vizuri, bila ukali. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani akafunga mlango.

Siku chache baadaye, Jumamosi, yule afisa alikuja tena, peke yake, na ndoana mpya mkononi.

"Nimesikia Musoma kwamba hapa kuna mzee Bwire anawapeleka watu kuvua sato," alisema.

"Amekufa," nikamwambia. "Ni baba yangu."

Akavua kofia. Akasimama pale hajui aondoke au akae. Mama alikuwa jikoni, akasema kwa Kijita, kwa sauti kabisa, kwamba mtu huyo asipewe hata maji ya kunywa. Chilewa hakuelewa maneno, lakini nadhani alielewa sauti.

Nilimpeleka mimi, Tata. Mama alinikasirikia, nami sikumweleza kwa nini nilikubali. Nilitaka kumpata mahali ambapo hana meza mbele yake, nimwombe atuache sisi wawili tubaki.

Alikuwa mgeni mzuri, ungempenda. Alivua viatu bila kuambiwa. Alipata sato wawili pale kwenye matete ya kwanza, akacheka kama mtoto, kisha akaziba mdomo kwa mkono akikumbuka nilivyomwambia kuhusu kelele. Nikamsogeza ndani zaidi, kwenye ule mfuko wa mwisho wa ghuba ambako wewe ulikuwaga huendi mchana ukishapita. Nilijua kwamba huendi. Nilikuwa natafuta maneno ya kuanza nayo, sikuangalia upepo.

Upepo uligeuka. Nilipoinua macho, kisiwa cha mafunjo kilikuwa kinakuja kutoka nje, kimeng'oka na mizizi yake huko kilikotoka, kinaelea, kikubwa kuliko uwanja wa kanisa, ndege wameketi juu yake kana kwamba hakitembei. Kikaingia kwenye mdomo wa ule mfuko, kikakaa. Nyuma yake kikaja kingine kikakisukuma. Nikajaribu kushoto, nikajaribu kulia. Pote mafunjo. Mahali fulani ndani yake kiboko akakoroma, na sikuweza kujua ni upande gani.

"Tutatoka?" aliuliza.

"Upepo ukigeuka."

"Usipogeuka?"

Nikaona ameshika kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili. Akasema kwao Ugogoni maji ya kumzamisha mtu hayako, hajui kuogelea.

Basi nikaona hapo ndipo mahali pangu. Nikamwambia: "Ndugu Afisa, mama yangu ni mzee. Baba yangu ndiyo kwanza amelala pale juu. Tuachie sisi wawili tubaki. Watu wawili tu, hamtapungukiwa kitu."

Tata, mtu mwingine angeniahidi. Ningetaka mwezi angeniahidi mwezi, ilimradi nimtoe. Yeye alifuta jasho usoni, halafu akasema: "Dada, nikikuambia ndiyo nitakuwa nimekudanganya. Mama yangu mwenyewe amehamishwa, na mimi nilikuwa tayari na kazi hii. Alinililia. Sikuweza kumsaidia, na mama yako sitaweza."

Nilimchukia sana. Nilitaka anidanganye, angalau mpaka tufike nchi kavu. Nikachomeka upondo kwenye tope, nikakaa chini, nikampa mgongo. Tukakaa hivyo, yeye na sato wake wawili, mimi na hasira yangu, jua linatuchoma, na mafunjo yanasogea kidogo kidogo kutubana. Ubao wa mtumbwi ukaanza kulia. Nilifikiri, wacha yatubane. Tukifia hapa, ni nani atakayetuhamisha?

Kilichoniinua ni Mama. Nilimwona akilini amekaa pale mlangoni kunisubiri mpaka giza liingie.

Nikachukua panga. Nikafanya kama ulivyonifundisha: nikalaza upondo juu ya mafunjo, nikalala kifudifudi juu yake ili nisizame, nikakata mbele yangu na kurudisha nyuma. Chilewa alivuta nilichokata akakitupa nyuma ya mtumbwi. Viganja vyake vilichanika, damu ikawa kwenye mabua, hakuacha. Tulikata mpaka jua likawa chini, upepo ukalegea, na vile visiwa viwili vikaachana kidogo tu, upana wa mtumbwi. Tukausukuma mtumbwi kwa vifua vyetu. Tulitokea upande wa pili weusi kwa tope, wote wawili.

Ufukweni alisema asante. Akawaacha wale sato juu ya jiwe akaondoka. Mama hakuwagusa, aliwapa majirani.

Lori lilikuja wiki iliyofuata. Alikuja nalo mwenyewe, mikono bado imefungwa vitambaa. Jiwe la kusagia la Mama alilibeba yeye akalipandisha. Mama hakumtazama. Mtumbwi wako alikuwa ameshauchukua baba mdogo Masatu, akaupeleka Rukuba, sasa anavulia huko. Mtumbwi ulitoka ghubani kabla yetu, na nilishukuru kwamba sikuuacha umefungwa pale peke yake.

Huku nimepewa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima, jioni, chini ya paa la ghala la pamba. Watu wazima wenye mikono migumu wanaandika majina yao na kucheka. Hiyo ndiyo saa yangu nzuri. Saa nyingine zote ni palizi, foleni ya maji, mkutano, palizi. Kuna siku natembea mpaka mwisho wa mistari ya nyumba, nasimama pale nyumba ya mwisho inapoishia, halafu narudi. Hakuna ukuta. Ningeweza kuendelea kutembea. Lakini Mama yuko ndani, na kila mtu ananijua jina, na ningerudishwa kwa aibu.

Mwezi uliopita Chilewa alikuja. Hakuja na gari. Alishuka barabarani akatembea mpaka mlangoni kwetu, kofia mkononi, akasimama kama alivyosimama ile siku niliyomwambia umekufa.

"Mama yangu amefariki," alisema. "Wamemzika bila mimi. Ruhusa ilichelewa." Kisha akaongeza kwamba huku Mara hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Mama alimwomba arudie, kwa sababu ya sikio. Akarudia. Mama akashika kizingiti akainuka na magoti yake, akaingia jikoni, nikasikia sufuria. Alisonga ugali mwenyewe, akakataa nisiuguse mwiko. Akaleta na dagaa. Akamnawisha yule kijana mikono kwa mkono wake, Tata, vile viganja vyenye makovu ya mafunjo, akamwambia, "Kula, baba."

Alikula ameinamisha kichwa. Alipomaliza Mama akamuuliza, "Amezikwa wapi?"

"Kwenye kijiji kipya."

"Kaburi nani analipalilia?"

"Dada yangu. Anakaa hapohapo."

Mama akatikisa kichwa. Alipoondoka yule kijana, Mama aliniita nikae karibu na sikio lake zuri, akaniambia jambo ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Unajua kwamba kando yako tuliacha nafasi. Mama mwenyewe aliwaonyesha wachimbaji. Sasa amesema haitaki tena. Amesema akifa asipandishwe lori kurudishwa ghubani. Azikwe hukuhuku.

Nilimwuliza, na Tata je? Akasema, "Tata yako nimekaa naye maisha yangu yote. Kule hamruhusiwi kufika, majani yatanifunika nisijulikane. Hapa utanipalilia wewe."

Nilikasirika. Nikatoka nje nisimwonyeshe uso. Wewe nikuambie ukweli, maana huwezi kumwambia mtu: nilikuwa nategemea siku hiyo. Nilijua mazishi hayakataliwi na mwenyekiti yeyote. Nilijua siku moja nitarudi ghubani nikimsindikiza Mama, na nikishafika, nani atanitoa. Ule ulikuwa mlango wangu wa mwisho. Mama ameufunga kwa upendo, na mimi niko ndani.

Hana ujasiri wa kukuambia mwenyewe. Alisema, "Mwandikie wewe, unajua kuandika. Mwambie asifikiri nimemwacha." Nimekuambia. Hajakuacha. Asubuhi anapopaka mafuta magotini bado anakulaumu wewe kwa kumpandisha kwenye mtumbwi wenye maji siku ya harusi yenu, na anacheka peke yake.

Mwenyekiti amesema pamba ikishapimwa atanipa siku mbili. Nitashuka mpaka ufukweni, baba mdogo Masatu atanifuata kwa mtumbwi wako, na nitakukatia majani. Nitakusomea barua hii, kwa sauti ya chini, halafu nitaichoma, kwa sababu kuna neno humu Mama hapaswi kulisikia.

Lala salama, Tata. Na ile nafasi kando yako usihuzunike juu yake. Nimeichukua mimi. Sina haraka nayo, kwanza kuna Mama wa kumtunza, na baadaye wa kumpalilia. Lakini nakuahidi haitakaa tupu, na siku ya kuja kulala hapo sitaomba ruhusa kwa mtu.

Mwanao,
Nyanjura