Mlango wa Valeri

Svishtov,
Bulgaria.
20 Februari 2012.

Mpendwa Shangazi Penka,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na kama barua ingeweza kubeba joto ningekuomba ututumie kidogo la huko Bologna. Huku mto Danubi umeganda, mabomba ya jikoni tumeyafunga matambara kama wagonjwa, na mume wangu Plamen analala na soksi juu ya soksi. Lakini tuko wazima, hilo nianze nalo.

Mgongo wako je? Umeandika kwamba bibi unayemtunza amezidi kuwa mzito na hataki kuoshwa na mtu mwingine ila wewe. Jifunge ule mkanda wa sufu niliokutumia, usiuweke kabatini kama kitu cha sherehe. Na usimwinue peke yako. Mwite mwanawe, ni mama yake pia.

Radina anatembea sasa. Anamwita paka baba na baba anamwita mama. Sweta uliyomtumia bado ni kubwa, mikono inaburura, lakini ukimvua analia, kwa hiyo tunamkunjia tu. Anakua vizuri, Shangazi. Nikimwangalia naona mambo hayawezi kuwa mabaya yote.

Haya, sasa swali lako. Umeuliza kama kijumba chako cha ghorofani kimepata mpangaji wa kudumu, ili kodi ilipe benki na kinachobaki kiwe pensheni yako, nawe ufunge mizigo urudi kwetu Pasaka hii. Kwenye simu siwezi kukujibu. Nikisikia sauti yako mdomo wangu unasema mazuri tu, wenyewe. Kwa hiyo nimekaa mezani, Radina amelala, nakuandikia yote.

Unajua kwamba wapangaji wetu wa kwanza walihama. Hujui kwa nini. Ni kwa sababu ya mlango.

Wewe hukuwahi kumwona Mama Nedelya, mama wa kijijini Vardim aliyetuuzia. Kijumba kilikuwa cha mwanawe Valeri, fundi wa redio, kijana aliyefia hospitali kwa figo. Mama alikiuza kwa bei nzuri, ndiyo maana akiba yako na mkopo wetu vilitosha. Tulipomaliza kutia sahihi alimshika Plamen mkono akasema, "Ninyi ni watoto wa watu, sitawaomba kitu kingine. Siku za Valeri zikifika mniache nimbandike mlangoni pake." Plamen akacheka kwa upole, akamwambia, "Bandika, mama, mlango si dhahabu."

Nani angekataa? Wewe ungekataa? Mji mzima una karatasi za marehemu, kwenye malango, kwenye nguzo, kwenye kituo cha basi. Arobaini, miezi sita, mwaka, na kila mwaka baada ya hapo. Unapita, unaangalia picha, unasema Mungu amrehemu, unaenda kununua mkate. Hata siku ile tulipokwenda kukiangalia kijumba mara ya kwanza karatasi ya arobaini ilikuwepo mlangoni na utepe mweusi juu yake, na mimi nilikuwa natazama ndani, napima kwa macho kitanda kitakaa wapi.

Ila kuna jambo hatukulifikiri. Karatasi za marehemu mkono wa mtu hauzibandui, unajua, mvua ndiyo inayozibandua. Na mlango wetu uko ghorofa ya nne, ndani ya ngazi. Humo mvua hainyeshi. Karatasi ya miezi sita ilipokuja, ile ya arobaini ilikuwa bado nyeupe kama shuka. Akaibandika pembeni yake, zikawa picha mbili za Valeri, zote zinakutazama ukitafuta ufunguo.

Na miezi sita yake, Shangazi, inaangukia Septemba, wanafunzi wanapokuja mjini na wazazi wao kutafuta vyumba. Usipopata mpangaji Septemba umekosa mwaka.

Walikuja wengi. Rangi tuliyopaka waliisifu, hita mpya ya maji waliisifu. Lakini walikuwa wameshaona mlango. Kuna mama mmoja aliyekuja kwa basi kutoka Montana, mnene, mchangamfu, alipanda ngazi akihema na binti yake, akasimama pale mbele ya picha.

"Huyu ni nani?"

Nikamwambia ndiye aliyekuwa anaishi hapa, alifia hospitali, si humu ndani.

"Alifia hospitali, mbona yuko hapa?"

"Ni mama yake anambandika."

"Na wewe ukikipangisha, yeye anahama?"

Binti alikuwa ameshaingia, akaita kutoka ndani, "Mama, njoo uone, dirisha linatazama mto." Mama yake akamwambia, "Mto utautazama mchana. Usiku utatazamana na huyu." Wakashuka. Nilisikia wanacheka huko chini, si kwa ubaya, lakini walishuka.

Na Mzee Mincho, msimamizi wa ngazi yetu, hakusaidia. Mtu akiuliza chumba cha kupanga kiko wapi anamwelekeza kwa moyo safi kabisa, "Panda mpaka juu, kwa Valeri." Nilimwomba aseme kwa Zdravka, jina langu mimi. Akaniangalia kama nimemwomba meno yake.

"Binti, nikisema kwa Zdravka watu watapotea. Wewe nani anakujua? Valeri alinitengenezea redio tatu na hakuchukua hata senti."

Plamen alinunua mlango mpya wa chuma. Akasema mlango wa Valeri si huu tena, ule wa Valeri uko ghalani, mama yake akitaka aende akabandike ghalani. Mwaka ulipofika Mama Nedelya alipanda na mfuko wake wa mkate na gundi, akaupapasa ule mlango, akasema, "Mmemwekea mlango mzuri," akabandika. Kwenye chuma gundi inashika vizuri kuliko kwenye mbao.

Wale wapangaji wa kwanza, tuliowapata kabla ya mwaka huo kufika, walikuwa mtu na mchumba wake, wa mbali, wasiojali. Nilifurahi sana, unakumbuka nilivyokuandikia. Miezi tisa ya marehemu ilipofika Mama Nedelya aligonga mlango, akawapa mkate na ngano ya kuchemsha, akamwambia yule msichana ale kwa roho ya mwanawe, kisha akaomba aingie akae kidogo pale kilipokuwa kitanda cha Valeri. Alikaa. Wiki iliyofuata walihama, na yule kijana aliniambia, "Dada, nyumba ni nzuri, lakini imeshapangishwa."

Plamen hapo akakasirika. Baada ya mwaka wa marehemu alipanda na kisu cha kukwangulia rangi akazikwangua zote. Naomba usimwone vibaya, kiwandani walikuwa wamempunguzia zamu na benki ilikuwa inapiga simu. Lakini majirani wa ngazi nzima waliacha kutusalimu. Mzee Mincho alimsubiri mlangoni pake na sigara, akamwambia, "Tajiri wa majumba, ukimaliza kuwahamisha wafu utuambie na sisi wazima tuhame lini." Wapangaji wakija kuuliza, wakaanza kuambiwa hakuna chumba. Jumapili Mama Nedelya akaja na karatasi nyingine. Huwa anachapisha nyingi, anazo kwenye mfuko.

Basi mimi nikajifanya mwerevu. Nikawaza, kama mkono wa mtu hauruhusiwi na mvua inaruhusiwa, nitaleta mvua. Kila Jumamosi nikawa napiga deki ngazi, na nikifika juu nasugua mlango kwa maji mengi, narusha kidogo kama bahati mbaya tu. Karatasi ikaanza kujikunja pembeni. Nilikuwa na furaha ya mwizi, Shangazi, nakwambia ukweli. Nikawa nahesabu kwamba Septemba ya pili tutafika mlango ukiwa safi.

Jumamosi moja nasugua, nageuka, Mama Nedelya amesimama ngazi mbili chini yangu na kitambaa chake cheusi, anashika ukuta, anapumua. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alinitazama mimi, akatazama ndoo, akatazama picha inachuruzika maji.

Akasema, "Unamwosha uso."

Nikatumbukiza tambara kwenye ndoo.

"Wengine wanapita tu. Mungu akujalie mtoto mwingine, mwanangu."

Akatoa leso yake akaifuta ile picha polepole, kuanzia kipaji cha uso, halafu akaibandika tena ile pembe iliyojikunja. Akanipa chupa ya pilipili hoho za kusaga alizotengeneza mwenyewe. Tulizila. Zilikuwa tamu, Plamen alilamba kijiko, sikumwambia zimetoka wapi.

Tangu siku hiyo sikuweza tena. Nilijaribu kwa maneno. Nilimfuata mpaka kituo cha basi nikamwomba amhamishie langoni chini, wengi watamwona, watamwombea. Akafikiri kweli, si kwamba hakufikiri. Kisha akasema, "Chini wanaingia watu wa nyumba zote. Atajuaje pake ni wapi?" Nikamweleza habari ya benki. Nikamweleza habari yako, kwamba nina shangazi anayeinua watu vitandani ugenini ili apate mahali pa kuzeekea. Alilia. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akasema, "Maskini shangazi yako." Basi likaja, akapanda. Na siku ya mwaka na nusu akaja na gundi kama kawaida.

Hiyo ilikuwa ni Septemba ya pili. Hakupatikana mtu. Tulishusha kodi mpaka ikawa haitoshi hata benki, bado hakupatikana mtu. Plamen alitaka tukiuze tukulipe chako, akaja mnunuzi mmoja, akafika mlangoni, akauliza choo cha ngazi kiko wapi, hakurudi. Na ngazi yetu haina choo.

Nimefika kwenye neno lenyewe. Mwezi uliopita dalali wa mahakama alipanda akabandika tangazo la mnada. Kijumba kitauzwa Aprili. Wakili tuliyemwuliza anasema benki itachukua kwanza, halafu gharama zao, na kwa bei iliyoandikwa hapo hakitabaki kitu cha kukupa. Akiba yako imekwisha, Shangazi. Nimeandika sentensi hii mara nyingi kwenye karatasi nyingine nikaichana, hii naiacha.

Juzi ilikuwa Jumamosi ya wafu. Nilipanda kuchukua pazia na kitanda kabla hawajaweka kufuli lao. Mama Nedelya alikuwepo na ngano yake, amesimama karibu kabisa na mlango, pua inagusa karatasi ya dalali. Miwani yake anaisahau kila siku.

"Na huyu ni nani? Hawakumweka picha."

"Si mtu, mama. Ni nyumba. Inauzwa."

Akapiga ishara ya msalaba. "Kijana anayekuja atakubali kama ninyi?"

Nikasema sijui. Akafungua gundi, akapima kwa kiganja, akambandika Valeri mpya upande wa kushoto, akauliza kama ameziba maandishi ya yule mwingine. Nikamwambia hapana. Akasema, "Nimemwachia nafasi." Tukala ngano pale kwenye ngazi, mimi na yeye, maana hakuna aliyefungua mlango kwa baridi.

Plamen anaondoka mwezi ujao kwenda Ujerumani kuvuna mboga, rafiki yake amemtafutia. Mimi bado nasema mambo yatageuka. Labda mnada hautapata mtu watupe muda. Labda mwenye kupenda mto atatokea. Nikimwambia Plamen hivyo ananiambia nimlaze mtoto.

Kwa hiyo nakuomba, ingawa ulimi unakuwa mzito. Usiache kazi. Usirudi Pasaka. Najua umeshamnunulia Radina kitambaa cha gauni la sikukuu na umeshawaambia akina dada wa Jumapili pale kanisani kwamba huu ni mwaka wako wa mwisho. Waambie bado. Yule bibi akizidi kudhoofika, tafuta mwingine mapema kabla hajaondoka, mwepesi kama yupo. Kitanda kwetu kipo siku zote, ila kitanda tu ndicho tulichonacho, na wewe ulitutumia jasho la miaka yako yote ya huko.

Nisalimie binamu Emil akija kukutembelea, na mkewe Ilka, na ukiweza mpigie Mjomba Gancho huko Verona umwambie tunamkumbuka. Bibi Tsona anakusalimu, hasikii vizuri sasa, anadhani unakuja, sijamwambia. Radina nimemshikisha kalamu, ile mistari ya hapo pembeni ni yake.

Mungu akulinde na ngazi zenye barafu na maneno makali ya wageni, akupe usingizi, akuongezee nguvu mgongoni, maana ni huo tu uliobaki wa kutubeba.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye hata nikikuandikia haya,

Zdravka