Zuhura Niliyemfuta

Bondeni, Jumanne, Novemba 1996

Mvua ya vuli haijakatika tangu asubuhi. Nimerudi nimelowa, na nimeshukuru kuwa na sababu ya kutotoka tena.

Leo nimeona haya mbele ya mamangu.

Kwa miezi kadhaa kazi yangu ofisini imekuwa kukadiria idadi ya wenyeji wa asili wa kisiwa hiki, Waswahili wa Mombasa. Nimeoanisha kumbukumbu za serikali: vizazi, vitambulisho, vifo. Anayeonekana mara mbili huhesabiwa mmoja, aliyekufa huondolewa. Kesho makadirio yatasomwa mbele ya wazee wa Mji wa Kale, wanaoomba zahanati ya uzazi. Wenyeji wakionekana wachache, ombi litakataliwa.

Mchana nilipita kwa mama. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi, akikuna nazi. Nikamwambia, kwa majivuno, kwamba hata mimi makarani waliniandika mara mbili: jina lile lile, baba na mama wale wale, miaka miwili tu ikitofautiana. Nikafuta mmoja.

Mkono wake ukasita.

"Umemfuta yupi?"

Nikasema ni kompyuta iliyofuta, si mimi.

"Kompyuta haikuzaa, bibi wee. Zuhura wa kwanza n'limzaa mimi, n'kamzika mimi. Wewe n'kakupa jina lake lisipotee. Vyuo vyote hivyo, hata kuuliza hukuuliza?"

Sikuwa na la kuuliza. Nilijua.

Kila mwaka hitima ya dadangu husomwa katika nyumba ile, nami hupakua pilau. Na ni nyumba ngapi za jirani zilizompa mtoto jina la nduguye aliyetangulia? Nilijua kama binti. Nilipoketi kazini, niliona ni rahisi zaidi kusadiki kwamba karani alikosea mwaka.

Nilirudi ofisini nikajitafuta. Kanuni niliyoipa kompyuta ilikuwa imefuta cheti changu cha kuzaliwa kama marudio, ikahifadhi cha dadangu, ikakiunganisha na kibali chake cha mazishi, kisha ikamwondoa Zuhura kabisa. Katika hesabu yangu mimi ni marehemu.

Pamoja nami, wangapi?

Sijui. Baadhi huenda ni makosa ya karani kweli. Nikiwarudisha wote, nitakuwa nimezidisha. Sioni njia ya kuwatofautisha ila kubisha hodi nyumba kwa nyumba na kuwauliza kina mama, kazi ambayo nilikimbilia kompyuta ili nisiifanye.

Mkuu wangu asema tuiache ilivyo, tofauti haitakuwa kubwa. Yawezekana ni kweli. Linalonitia shaka ni jinsi ninavyotamani kumwamini.

Basi kesho nitasimama mbele ya wazee na kuwaambia kwamba idadi haijawa tayari, na kosa ni langu. Bila shaka mmoja wao atauliza huyu ni binti wa nani.

Nitamtajia jina langu, la baba na la babu. Kisha nitaongeza: wa pili.